Mgeni wa Nani?

Katika nyumba nyingi za pwani, na za bara pia, mtu atangazapo kwamba ana safari, swali la kwanza aulizwalo si la mahali aendako. Huulizwa, "Unakwenda na nani?" Mahali huja baadaye, na siku ya kurudi huja mwisho. Akijibu kwamba anakwenda na fulani bin fulani, nyuso hukunjuka, na mazungumzo hugeukia nauli na maandazi ya njiani. Akijibu kwamba anakwenda peke yake, hasa ikiwa ni mara yake ya kwanza, na hasa ikiwa ni mwanamke, kimya huingia chumbani kama mtu aliyeingia bila hodi.

Vijana hulichukia swali hilo. Huliona kuwa ni kamba ya kufungia mbuzi. Kwao kusafiri peke yao ni ushahidi wa utu uzima: kuamka saa watakayo, kupanda gari walitakalo, kukaa mahali siku mbili au kumi bila ya kumwomba mtu ruhusa wala kumngoja mwenzi aliyepotelea sokoni. Wazee nao huwaona vijana hao kuwa wajeuri wasioijua dunia. Kati ya pande hizi mbili wamesimama wauzaji wa safari za makundi, ambao huahidi kuziridhisha zote: kijana ataiona dunia, na mzee atapata usingizi. Hoja za kila upande zimerudiwa mara nyingi hata hazisikiki tena. Walakini pana jambo moja ambalo pande zote huliacha pasipo kuliuliza, nalo ni kama kitu hicho kiitwacho safari ya peke yake kipo kweli.

Lugha yenyewe inatoa dokezo. Neno "peke" haliwezi kusimama pasipo mwenyewe. Hakuna asemaye "peke" akanyamaza. Husemwa peke yangu, peke yako, peke yake, kana kwamba hata upweke hauna budi kuwa mali ya mtu. Neno la pili lina uzito zaidi. Mtu aliyefika mahali asipojulikana huitwa mgeni, na mtu aliyealikwa chakula huitwa mgeni vilevile. Zipo lugha zilizo na maneno mawili kwa watu hawa wawili, mmoja wa kushukiwa na mmoja wa kukirimiwa. Kiswahili kimetosheka na moja. Asiyejulikana na aliyealikwa huingia kwa mlango mmoja. Na upande wa pili wa mlango huo amesimama mwenyeji, ambaye ni mtu wa mahali pale na ndiye pia ampokeaye mtu afikaye. Hapana haja ya kudai kwamba watu walioyazoea maneno hayo ni wema kuliko wengine. Neno si tendo, na wageni wengi wamelala njaa katika miji iliyojaa wenyeji. Hata hivyo asemaye "mimi ni mgeni hapa" hakueleza hali yake tu, ametoa dai. Amemwambia anayemsikiliza kwamba yeye ni mwenyeji, na kwamba uwenyeji una kazi yake.

Ili dai hilo lipate kupimwa, inafaa atazamwe msafiri mmoja aliyeiona pwani ya Afrika ya Mashariki kwa macho yake. Ibn Battuta alizaliwa Tangier, katika nchi ya Moroko, mwaka 1304. Mwezi wa Juni 1325, akiwa kijana wa miaka 21, aliondoka kwao kwenda kuhiji. Hakuwa na mwenzi wa kuzungumza naye wala msafara wa kufuatana nao, na wazazi wake wote wawili walikuwa hai. Wasomaji hupenda kumkumbuka kwa umbali aliofika: Bara Hindi, China, Mali. Lakini kwa swali hili kurasa zenye faida kubwa ni zile za mwanzo kabisa, wakati ambapo alikuwa bado si mtu maarufu, bali ni kijana aliyetoka kwao mara ya kwanza.

Njiani alishikwa na homa. Alishauriwa akae Bijaya mpaka apone, akakataa, kwa kuwa aliona kama kifo kimekwisha andikwa, heri kimkute akiielekea Hijazi. Basi akaambiwa auze mnyama wake na mizigo yake mizito, naye ataazimwa mnyama mwingine na hema, ili apate kwenda upesi pamoja na watu waliokuwa wakiihofia njia. Akafanya hivyo. Homa ilipomzidi alijifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba asije akaanguka. Hapo yafaa mtu ahesabu. Kabla hata hajafika Tunis, msafiri huyu aliyetoka peke yake alikuwa amepanda mnyama wa mtu mwingine, akilala katika hema la mtu mwingine, katikati ya watu ambao hakuwajua alipokuwa akifunga mlango wa kwao.

Ndivyo alivyofika Tunis. Watu wa mji walitoka kuupokea msafara. Kila mmoja alimwendea amjuaye, wakasalimiana na kuulizana habari. Yeye hakuna aliyemsalimu, kwa maana hakuna aliyemjua. Pale alilia, na hakuona haya kuisimulia habari hiyo katika uzee. Homa hakuililia, wala njia ya hatari hakuililia, alililia salamu. Haji mmoja akaitambua sababu ya machozi yale, akamwendea, akamsalimu, akaendelea kumliwaza kwa maneno ya kirafiki mpaka wakaingia mjini, na kijana akapata mahali pa kulala katika chuo kimoja.

Watu wengi wameisoma habari hiyo kama kisa cha kijana aliyekumbuka nyumbani. Yawezekana. Lakini palepale pana jambo lililo zito kuliko kukumbuka nyumbani. Alipokuwa nyikani, mahali ambapo kweli watu walikuwa wachache, hakulia; alilia alipofika penye watu wengi. Kilichomwumiza hakikuwa kukosa watu. Kilikuwa kuwa mbele ya watu waliokuwa wakitoa kitu kisicho na gharama, nao wakampita kama gogo. Basi upweke wa msafiri si hesabu ya vichwa vilivyomzunguka. Ni hali ya kutokuwa mgeni wa mtu yeyote.

(Msomaji asimhurumie kupita kiasi. Msafara ulipotoka Tunis kijana huyo alikuwa kadhi wake. Alipofika Sfax alifunga ndoa. Na kabla ya kufika Misri alikuwa amekwisha gombana na mkwewe, akaachana na mke yule na kuoa mwingine. Mtu aliyetoka kwao bila mwenzi alikuwa na jamaa wa kumtosha.)

Miaka sita baadaye, mwaka 1331, aliteremka kwa chombo katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Alilala usiku mmoja Mombasa na akafika Kilwa, ambako aliusifu ukarimu wa Sultani Hasan bin Sulaiman. Lakini kabla ya hapo alitia nanga Mogadishu, na huko aliona desturi inayostahili kutafakariwa na kila mtu anayefunga mzigo. Chombo kilipokaribia bandari, vijana wa mji walitoka kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila kijana alimwandalia mmoja wa wafanya biashara waliokuwa chomboni na kusema, "Huyu ni mgeni wangu." Tangu hapo mfanya biashara yule hakushukia ila nyumbani kwa mwenyeji wake. Mwenyeji alimwuzia bidhaa zake na kumnunulia alichotaka. Na mtu aliyenunua kitu kutoka kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyeuziana naye mwenyeji hayupo, biashara ile ilihesabiwa kuwa batili.

Yapo mambo matatu katika desturi hiyo. La kwanza ni kwamba haikuwa sadaka. Mwenyeji alipata faida yake, na hapana aliyeona aibu. Ukarimu wa bandari haukujifanya kuwa wa malaika. La pili ni kwamba ulifanyika hadharani. Kijana hakumnong'oneza mgeni pembeni. Alisema maneno yake mbele ya nahodha, mabaharia na wenzake, na tangu dakika ile mji wote ulijua ni nani wa kuulizwa mgeni akipunjwa. La tatu ndilo lililo kubwa, na wasomaji wengi hulipita kwa kuwa limetajwa kwa maneno machache: mtu aliyekuwa amezoea kuja Mogadishu, aliyewajua watu wake, aliruhusiwa kushukia popote alipotaka.

Jambo hilo linaipindua hoja ya vijana kutoka kichwani hata miguuni. Wao husema kwamba mtu huanza kwa uhuru, kisha akipenda hujifunga kwa watu. Watu wa Mogadishu walijua kinyume. Uhuru wa kushukia popote haukuwa haki ya mtu aliyefika leo. Ulikuwa tunda la kuwa mgeni wa mtu jana na juzi. Aliyeweza kutembea peke yake mjini alikuwa yule ambaye hakuwa tena peke yake mjini. Na kijana wa sasa ashukaye garini katika mji asioujua, akafuata ramani ya simu yake mpaka nyumba ya wageni, akala, akalala na kuondoka pasipo kumwambia mtu jina lake, huenda akajiona kuwa huru kuliko wafanya biashara wale. Hakika ni kwamba hana mtu wa kumjibia.

Wazee wasifurahi mapema, maana desturi ile haikuwapa wao ushindi pia. Haikuuliza mtu amekuja na nani. Iliuliza nani atampokea. Tofauti ya maswali hayo mawili ni kubwa. La kwanza humtwika msafiri na nyumba yake mzigo wote. La pili huutwika mji.

Sasa waitwe wauzaji wa safari za makundi. Biashara yao, kwa sura iliyo nayo leo, kwa kawaida huhesabiwa tangu tarehe 5 Julai 1841, wakati Thomas Cook, seremala Mwingereza aliyekuwa mhubiri wa Kibaptisti na mpinga ulevi, alipowachukua watu 500 hivi kwa gari la moshi kutoka Leicester hadi Loughborough kwa shilingi moja kwenda na kurudi. Baada ya miaka 22 alikuwa akiwapeleka watu Uswisi. Miongoni mwao walikuwako wanawake wasioolewa, kama Jemima Morrell, aliyeandika shajara ya safari ile ya mwaka 1863. Wanawake ambao desturi za nchi yao zisingewaruhusu kuvuka bahari peke yao bila kusemwa. Wapendao kuyacheka makundi ya watalii, yakifuata mwavuli wa kiongozi kama vifaranga, yafaa wakumbuke hilo. Mjane mwenye umri wa miaka 70, kiwete, mtu mwenye hofu, mtu asiyejua lugha yoyote ila yake, hawa wote dunia ilikuwa imefungwa kwao, na kundi likawafungulia. Kukejeli mlango uliowaingiza wanyonge ni jeuri ya wenye miguu mizuri.

Hata hivyo ni lazima kuuliza ni kitu gani kiuzwacho hapo. Si gari wala kitanda, maana hivyo hupatikana mahali pengine kwa bei rahisi. Kiuzwacho ni mwenyeji. Kampuni humtolea mtu sahani iliyofunikwa kabla hajaiona bandari, na kumwambia, "Wewe ni mgeni wangu." Deni lote limelipwa mbele, kwa fedha, na yeye huwapita watu wa mji akiwa hadaiwi wala hadai. Ushahidi upo katika salamu. Katika hoteli za pwani mtalii husalimiwa kwa neno "Jambo", na hufundishwa kujibu "Jambo". Wenyeji wenyewe hawasalimiani hivyo. Wao huulizana: hujambo, habari za nyumbani, watoto hawajambo; na mdogo humpa mkubwa shikamoo, akapokea marahaba. Ile "Jambo" tupu, iliyokatwa kichwa na mkia, imetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye habari zake za nyumbani hazitarajiwi kusikilizwa. Ni salamu isiyo na swali ndani yake. Mtalii huondoka akidhani amesalimiwa mara mia, na kumbe yuko langoni mwa Tunis, ila yeye halii kwa kuwa hajui.

Mwenyeji wa kununuliwa ana udhaifu mwingine, nao ulidhihirika mwezi wa Septemba 2019. Kampuni iliyokuwa na jina la Thomas Cook ilifilisika usiku mmoja. Waingereza wapatao 150,000 walikuwa nje ya nchi yao kwa safari zake, nao wakaamka bila mwenyeji. Serikali yao ilikodi ndege kuwarudisha. Walikuwa na nchi yenye nguvu ya kusema, "Hao ni wangu." Si kila msafiri anayo.

Pana udanganyifu mwingine ambao ni wa wale wajiitao wasafiri wa peke yao, nao huonekana vizuri katika Mlima Kilimanjaro. Mlima ule wenye mita 5,895 haupandwi ila pamoja na mwongozaji aliyesajiliwa. Mgeni mmoja akija pasipo rafiki wala ndugu, bado hupanda na mwongozaji, na mpishi, na wapagazi wa kubeba hema, maji na chakula. Kisha hurudi kwao akasema, "Niliupanda peke yangu." Hakusudii kusema uongo. Amehesabu watu aliokuja nao, akawasahau watu waliompokea. Kosa hilo ni la zamani. Mwezi wa Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na vitabu vikawataja hao wawili. Katika safari ileile alikuwako mtu wa Pangani aliyeitwa Mwini Amani, aliyewapikia na kuwatekea maji na kuni katika kambi za juu, penye baridi ambayo mtu wa Pangani hakuzaliwa nayo. Bila moto wake kilele kingengoja watu wengine. Neno "peke yangu" laweza kuwa neno la ushujaa. Laweza pia kuwa njia ya adabu ya kutolipa.

Lakini yote hayo ni mepesi yakiwekwa mbele ya jambo moja gumu, ambalo ndilo hasa lililoleta kile kimya chumbani. Mwanamume akilala stendi hupoteza mfuko. Mwanamke aweza kupoteza zaidi, na kisha akaulizwa yeye alitafuta nini huko. Sheria ya dini imelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Yamepokewa mafundisho ya kuonya dhidi ya kusafiri peke yako usiku, na hayo yalielekezwa kwa mpandaji yeyote, wala si kwa wanawake tu. Kuhusu wanawake, wanavyuoni wengi walisharutisha maharimu. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, yaliruhusu tangu kale mwanamke aende Hija ya faradhi pamoja na kundi la wanawake waaminifu. Mwaka 2022 waziri wa Hija wa Saudi Arabia alitangaza kwamba mwanamke kutoka nchi yoyote anaweza kwenda Hija au Umra bila maharimu. Wapo waliosema dini imeharibiwa, na wapo waliosema dini imekombolewa. Yaelekea wote walikosea mahali. Sharti lile tangu mwanzo lilikuwa limefungamana na amani ya njia, na amani ya njia haitengenezwi na asafiriye. Hutengenezwa na wakaao kandokando ya njia.

Achukuliwe, kwa mfano, binti wa miaka 21, mzaliwa wa Tanga, mwanafunzi wa chuo, aendaye Bukoba kukusanya maneno ya wavuvi wa ziwani kwa ajili ya utafiti wake. Hajapata kuvuka Morogoro. Baba amekataa, mama amenyamaza, bibi ameuliza lile swali, na jibu halikumpendeza. Wanafunzi wenziwe wana ziara yao ya basi la chuo mwezi ujao, pamoja na mwalimu, lakini ziara ile itakaa ziwani siku moja na kurudi, na wavuvi hawatoi maneno yao kwa siku moja. Basi anakwenda.

Kituoni, wapiga debe humnyang'anya mfuko wake kabla hajasema aendako, na huo ndio mfano mbaya wa kijana wa Mogadishu. Ndani ya basi hukaa karibu na mama mwenye mtoto. Humwamkia shikamoo. Marahaba mwanangu. Kwa maneno hayo mawili, ambayo hayakugharimu chochote, amekwisha kuwa mtoto wa mtu. Hakuna uchawi hapo. Mama yule aweza kushuka Dodoma na wasionane tena. Lakini basi likiharibika usiku ng'ambo ya Singida, na simu ikaisha moto, na abiria wakashuka kuota moto wa kuni kandokando ya barabara, itakuwa tofauti kubwa kama binti yule ni "yule msichana wa kiti cha dirishani" au ni mwanangu wa mama fulani. Asubuhi akifika nchi ya Wasukuma ataamkiwa "Mwangaluka", naye hajui kujibu. Atacheka, atafundishwa, na kwa kufundishwa atakuwa mgeni wa mwalimu wake.

Huenda pia akaja mtu wa aina nyingine. Atakuwa mpole kuliko wote. Atajua nyumba nzuri ya wageni, atakuwa na gari, atataka kubeba mzigo. Naye pia atasema, "Wewe ni mgeni wangu." Mtu aweza kuuliza, basi binti huyu atajuaje? Hili si swali dogo, na wapo waliolipia jibu lake kwa maisha yao. Desturi ya Mogadishu inatoa kipimo, ingawa si dawa ya kila ugonjwa: sahani ilitolewa mbele ya watu. Mwenyeji wa haki humtangaza mgeni wake. Humpeleka kwa mkewe, kwa mama yake, kwa jirani, kwa mjumbe wa nyumba kumi. Atakaye mgeni asijulikane yuko kwake amekwisha jieleza. Lakini ni dhuluma kumwachia msichana mchovu, saa nane ya usiku, kazi yote ya kupima. Abiria 50 walio kando ya moto ule wana macho. Mmoja wao akiinuka na kuuliza kwa sauti, "Bwana, huyu binti unampeleka wapi?", kipimo kimefanywa. Wasipoinuka, si busara yake iliyopungua usiku ule. Ni wao.

Hapo ndipo swali la kusafiri peke yako lilipo. Wengi hulifanya kuwa swali la tabia ya asafiriye: ana ujasiri au hana, ni mtiifu au mkaidi. Kumbe mtu wa peke yake anapopita katika mji huwa ameutia mji ule katika mtihani, hata kama hakukusudia. Mwenye kundi hawezi kuutahini mji, kwa kuwa amekuja na mji wake. Kwa sababu hiyo safari ya peke yake ina thamani ambayo safari ya kundi haina, nayo si ile ya kuamka saa utakayo. Ni kwamba mtu amekubali, pengine mara ya kwanza tangu utoto, kuwa mhitaji mbele ya watu wasiomwia chochote. Mwenye kiburi hawezi safari hiyo. Huifanya kwa miguu tu.

Nalo deni linalotokana nayo ni la ajabu. Mama wa Dodoma hatarudishiwa wema wake. Aliyefundisha salamu hatafundishwa yake. Mkopo umetolewa barabarani, na mkopeshaji hajulikani anakokaa. Deni la namna hiyo hulipwa kwa mtu mwingine, na mahali pengine: binti akirudi Tanga, akamwona kijana wa Kihaya amesimama mbele ya kituo cha basi na mfuko wake, akitazama huku na huku kama atazamavyo asiyejua mji. Wapo waliozunguka dunia nzima peke yao, wakarudi na picha, wakapita mbele ya kijana kama huyo kila siku wakienda kazini. Walisafiri kwa gharama za watu.

Wala isisahauliwe gharama ya waliobaki. Ibn Battuta hakuwaona tena wazazi wake. Alipokuwa Dameski mwaka 1348 alipata habari kwamba baba yake alikuwa amekufa miaka mingi nyuma; na alipokuwa akikaribia kwao mwaka 1349 aliambiwa kwamba mama yake naye amekufa kwa tauni. Mzee amwulizaye kijana "Unakwenda na nani?" hana haja ya kujua habari hizo ili azihofu. Kimya chake chumbani ni hesabu aliyokwisha ifanya. Kijana ajibuye kwa hasira angefaa akae kitako, ajibu kwa upole, na aache nyumbani jina la mtu mmoja wa huko aendako, hata kama ni rafiki wa rafiki. Jina hilo moja hutosha kwa usingizi wa siku kadhaa.

Ibn Battuta alisimulia safari zake katika uzee, na Ibn Juzayy akaziandika. Kitabu kilimalizika mwaka 1355, yaani miaka 30 baada ya machozi ya Tunis. Kumbukumbu yake ya majina ilikuwa kubwa. Amewataja masultani na makadhi, mashehe na matajiri, aliyemwazima mnyama na hema, na waliompa kanzu, farasi, fedha na watumwa. Haji aliyemsalimu langoni mwa Tunis hakutajwa jina.